Miti Iliyokataa Kihara

Tetu, Nyeri
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako ndugu yangu Mwai,

Pokea salamu zangu na za Mama, na za ng'ombe wetu Kanini, ambaye angekusalimu mwenyewe kama mdomo wake haungekuwa umejaa majani ya napia. Natumai joto la Marsabit bado halijakukausha, na kwamba watoto unaowafundisha wanakusikiliza kuliko sisi tulivyomsikiliza mwalimu wetu wa hesabu. Ukiuliza hali zetu, tu wazima, kwa uzima ule wa mwezi wa saba: jua tumelisahau, nguo hazikauki kambani, na goti la Mama linatabiri mvua kuliko redio. Mimi pia ni mzima, ila nimechoka. Si uchovu wa kazi, huo naujua na huwa unaisha nikilala. Huu ninaamka nao.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Simu yako haishiki mtandao mpaka upande kile kilima chenu, na mambo haya si ya kusikiliza mtu akiwa amesimama juu ya jiwe. Ujumbe nao nauogopa tangu ile siku niliyomsema Mjomba Gicheru nikidhani nakuandikia wewe, kumbe nimeutuma kwenye kundi la ukoo mzima. Mpaka leo tukikutana njiani hunisalimu kwa lile jina nililomwita. Na kupiga simu nikiwa nyumbani haiwezekani, maana unazijua kuta zetu za mbao: mtu akipiga chafya jikoni, wa chumbani anamtakia afya. Kwa hiyo nimeandika, na barua itakuja na mwalimu mwenzako Harrison, ambaye kesho atapitia Nyeri mjini akirudi kazini kutoka kwao.

Mambo yenyewe ni ya chuo. Unajua nimesubiri. Nilimaliza sekondari wewe ukiwa bado chuoni, nikaenda kuuza dawa za kupe na mbegu za kabeji pale dukani mjini nikingoja zamu yangu, na sikulalamika, au nililalamika kidogo tu. Mwaka huu zamu ikafika. Niliomba vyuo viwili, vyote kwa masomo ya mazingira, na vyote viwili vikanikubali. Nilidhani kukubaliwa ndiko kugumu. Kumbe kugumu ni kuchagua, huku kila mtu amekushika mkono mmoja akikuvuta kwake.

Mjomba Gicheru alikuja siku hiyo hiyo aliposikia. Alikunywa chai yake kwanza, halafu akasema, “Ati mazingira? Hiyo si ni kufagia stage ya matatu? Unasoma miaka yote hiyo ndio upewe ufagio na koti la reflector?” Nilimweleza kwamba ni elimu ya udongo, maji, misitu, na jinsi viumbe vinavyotegemeana. Akasema basi ni kilimo, na kilimo hakisomewi, tunacho hapa nje. Wakiuru, jirani yetu, alitaka nisomee uuguzi kwa sababu mpwa wake Anita ameenda Uingereza na anamtumia picha za theluji, kana kwamba hatuna yetu pale juu ya mlima. Pasta aliniombea lakini kwa busara hakutaja chuo chochote, alimwachia Mungu. Mtu pekee ambaye hakusema neno ni Mama, na mimi nilidhani huo ndio ukarimu wake, kuniachia uamuzi uwe wangu.

Nikaenda kuviona vyuo vyenyewe. Nilianza na kile kidogo kilicho Kirinyaga, nje kidogo ya mji wa Kutus. Ni diploma wanatoa, ya misitu na watu wanaoishi kando yake. Nitakwambia ukweli, Mwai, nilipokiona moyo ulishuka. Madarasa ya mabati, kibao cha langoni kimeandikwa kwa brashi ya mkono, na kelele za soko la nyanya zinakuja mpaka ndani. Nyuma kuna kitalu cha miche, na humo ndimo alimotoka mwalimu wao mmoja anayeitwa Risper, mwanamke wa kutoka kule ziwani, amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, mikono imejaa udongo mpaka akanipa kifundo cha mkono nimsalimie. Hakuniuliza alama zangu. Aliniuliza mama yangu hulima nini, na hulima wapi.

Nikamwambia viazi, na kwamba zamani alikuwa na kipande msituni, kama akina mama wengi wa kwetu: unapewa sehemu iliyokatwa miti, unalima viazi vyako katikati ya miche mipya, unaipalilia, na ikishakua na kufunika kwa kivuli unaondoka. Risper akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za kwao. Kisha akaniuliza, “Sasa huo mti ukikuwa, ndio unakutoa shambani. Wewe ungeufanyia nini?” Nami nikampa jibu safi la maonyesho ya sayansi, kwamba ningeutunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Akasema sawa. Alipangusa mikono kwenye sketi akanionyesha bweni na vyoo. Nilitoka pale nikihisi nimepewa sifuri na sijui nilikosea wapi, nikakasirika njia nzima mpaka Karatina.

Chuo cha pili, kile chuo kikuu cha ng'ambo ya Bonde la Ufa, kilikuwa kitu kingine kabisa. Kuna maabara ndefu yenye mitungi ya vioo na mashine zinazonguruma polepole, na vifuko vya udongo vimepangwa rafuni, kila kimoja na jina la mahali kilikotoka. Mhadhiri aliyenipokea ni Daktari Nehemiah, mtu mpole, ana sauti ya kuhubiri lakini hahubiri. Aliniuliza kwa nini nataka elimu hii. Nikamsimulia Kihara.

Wewe unapajua, lakini wacha nikukumbushe, kwa sababu kuanzia hapa barua hii ni ya Kihara. Ule mteremko unaoonekana kutoka mlangoni kwetu, kule ambako msitu umefunika kila upande mweusi kabisa halafu pale katikati pakabaki nyasi na miti michache iliyopinda, ndipo watu walipopaita Kihara, yaani upara. Tangu tukiwa wadogo walipanda saipresi pale, ikafa. Wakapanda tena, ikafa. Kila ikifa, akina mama wanapewa vile vipande tena walime na kupalilia miche mingine, kwa sababu lazima mtu awepo wa kuitunza. Na kila mtu alikuwa na sababu yake. Afisa wa msitu alisema ni sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha umande. Wengine wakasema nungu, wengine ndovu. Wazee wa kanisani walisema pale walitupwa watu wakati wa Emajensi ya mkoloni na ardhi imekataa kuzaa mti mpaka watajwe majina. Mimi nilikuwa nikikama asubuhi nakitazama kile kipara, na nadhani ndicho kilichonifanya nipende sayansi. Wengine wana daktari aliyewaponya, mimi nilikuwa na mlima usiotaka nywele.

Utakumbuka nikiwa kidato cha pili nilichukua udongo wa Kihara kwenye makopo ya mafuta ya Kasuku nikaupeleka kwenye maonyesho ya sayansi. Nilishinda mpaka nikafika Nyeri mjini, ukumbi umejaa, na Mama alikuja amevaa ile suti yake ya bluu ya Guild, ya akina mama wa kanisa. Nilieleza majaji habari za asidi na sakitu na maji yanayosimama chini ya mizizi. Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na swali, na majaji walisema swali zuri ni nusu ya jibu. Walinibandika utepe kifuani. Mama alipiga makofi mpaka watu wakageuka.

Basi Daktari Nehemiah aliposikia hayo aliweka kikombe chake chini, chai ikapoa. Alisema wana ufadhili kwa mwanafunzi anayekuja na tatizo la kwao, wa kumlipia masomo yote mpaka digrii, na kwamba kwa miaka mingi wanafunzi wamekuwa wakimletea matatizo ya vitabuni. Hili langu alilitaka. Alisema yeye mwenyewe atakuja Tetu kuchimba udongo wa kwanza, ili jambo lianze vizuri. Alinisindikiza mpaka langoni kama mgeni wa heshima. Mwai, sijawahi kutembea nikiwa mwepesi vile. Siku hiyo uchovu sikuujua.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mama akimenya viazi. Nilimweleza yote kwa mkupuo, maabara, ufadhili, Kihara. Nilitarajia aimbe, wajua anavyoimba akifurahi. Aliendelea kumenya. Aliuliza kitu kimoja tu, kama huyo daktari atakuja hapa, yeye mwenyewe. Nikasema ndiyo, yeye mwenyewe na wanafunzi wake. Akasema haya. Jioni mukimo ulikuwa na chumvi mara mbili, nikala hivyo hivyo.

Kuanzia hapo Mama akawa wakili wa Kutus. Mji ambao ameupitia tu akienda mazishi, lakini ungemsikia ungedhani amezaliwa huko. Kutus ni karibu. Kutus kuna joto, mifupa yako itapata nafuu, kana kwamba goti ni langu. Diploma inaisha haraka, na chuo kidogo mwalimu anakujua kwa jina. Kila siku sababu mpya, na zote za kubabaisha. Mimi nilikuwa nimesubiri zamu yangu miaka hiyo yote, na sasa zamu imekuja na mfadhili juu yake, na mama mzazi ananivuta shati. Siku moja tukiwa zizini uvumilivu ukaniishia. Nilimwambia aseme tu kwamba anataka mtu wa kumkamia Kanini, tuache kuzungukazunguka. Aliweka ndoo chini, akatoka, na nilimwona akisimama kwenye ua akiutazama mlima kwa muda mrefu. Nilijua nimemuumiza. Sikuomba radhi. Niliona ni haki yangu kukasirika, na hasira ikichanganyika na uchovu mtu huwa kipofu.

Wiki iliyofuata Daktari Nehemiah akanitumia ujumbe kwamba wanakuja Alhamisi. Aliniomba niwakusanye akina mama waliowahi kulima Kihara, ili awaulize mmoja mmoja jinsi miche ilivyokuwa ikifa: ilianza kukauka juu au chini, mwezi gani, upande gani wa mteremko. Nilimsomea Mama ujumbe huo jikoni. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, kuni mbichi zinatoa moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoa sufuria motoni ingawa githeri haikuwa imeiva, akaniambia niketi.

Aliniambia miti haikukataa.

Mwai, nitakuandikia alivyosema, bila kuongeza. Alisema waliambiwa wapalilie miche na ikikua watoke. Baba alikuwa ametutoka mwaka ule, na hili shamba letu unalijua, ukinyoosha mikono unagusa mipaka yote miwili. Viazi vya msituni ndivyo vilivyokuwa chakula na karo. Mwaka wa kwanza miche ilishika vizuri, ikafika magotini, na wewe ulikuwa karibu kuingia sekondari. Basi wakati wa kupalilia alikuwa akiingiza panga chini ya mche, kwa mshazari, anasikia mzizi mkuu umekatika, halafu anaukanyagia udongo vizuri. Mche unabaki umesimama. Unabaki kijani mpaka kiangazi kifike, halafu unakauka na watu wanalilaumu jua. Hakukata yote, alikata ya kutosha. Na hakuna aliyemfundisha mwenzake, wala mkutano haukufanyika. Kila mama alijua tu kwa kuona mstari wa mwenzake unakauka kama wake. Wazee walipoanza habari za watu waliotupwa pale, akina mama waliinamisha vichwa kwa heshima na hawakuwasahihisha.

Mimi nilikuwa bado sielewi, au sikutaka. Akainuka na goti lake, akachukua kisu cha jikoni, akaenda kwenye ule mkebe ulio mlangoni wenye mche wa sukuma wiki. Akakitia kisu chini ya udongo kwa upande. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayeuma karoti. Akashindilia udongo kwa vidole viwili, akarudi kuketi. Sukuma ilikuwa imesimama vilevile, hata tone la mvua halikuanguka kutoka kwenye jani.

Nilimuuliza jinsi alivyoweza kukaa pale ukumbini Nyeri na kupiga makofi. Alisema alikuwa amekuja na nia ya kuniambia tukirudi nyumbani, lakini nilikuwa nimebandikwa utepe na sikutaka kuuvua hata kulala. Akaona angoje niusahau. Sikuusahau, nikaugeuza kuwa maisha. Ndipo akasema, “Tuliambiwa tuchunge hiyo miti, na ikikuwa mikubwa tutoke. Na mimi niko na watoto wawili na sina shamba ingine. Wewe ungeichunga?” Nilikuwa nimeshaulizwa swali hilo Kutus, na mwenye gambuti, na nilikuwa nimelijibu kijinga.

Nilimuuliza pia kwa nini ameniambia sasa, kwa nini hakuniacha niende na ufadhili wangu. Akasema angeweza kuvumilia mengi, lakini asingeweza kuniona nikipoteza ujana wangu nikipima udongo ambao hauna kosa. Hiyo ndiyo sababu ya Kutus. Si ng'ombe. Niliomba msamaha kwa yale maneno ya zizini, akasema Kanini anaweza kukamwa na mtu yeyote mwenye vidole.

Usidhani nililia. Nilicheka, Mwai, na sikucheka vizuri. Kitu ambacho maafisa, wazee na majaji wamekizungukia miaka yote, kimejibiwa na mama yangu kwa kisu cha kumenyea viazi. Kisha hasira ikaja, halafu ikaondoka kwa kukosa mtu wa kumkalia. Nimkasirikie nani? Vitabu nilivyosoma vya kuhifadhi misitu vilinunuliwa na msitu wenyewe. Uchovu tu ndio uliobaki, na bado upo.

Siku ya pili mvua ilikatika kidogo tukapanda Kihara, yeye na fimbo yake. Alipanda polepole bila kulalamika. Kule juu alinionyesha kwa fimbo. Pale chini karibu na kijito ni kidato chako cha kwanza mpaka cha nne. Juu ya yale mawe ni chuo chako cha ualimu. Upande wa kulia, kwenye nyasi ndefu, ni mimi, sare zangu na yale makopo yangu ya Kasuku. Alisema hivyo bila majivuno na bila aibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni mipaka. Yeye aliacha kulima goti lilipokataa, lakini wenzake bado wapo. Wakiuru alikuwa akipalilia kipande chake hatua chache kutoka kwetu, akatusalimu kwa mbali, akaendelea. Katikati ya viazi vyake kulikuwa na miche ya saipresi ya msimu huu, imesimama kwa mstari, yote kijani, yote mizuri. Niliitazama sana. Sikuweza kujua ni upi ulio hai.

Nilishuka nikijua nina mambo matatu mbele yangu na yote mabaya. Nikimwambia Daktari Nehemiah ukweli wote, akina mama hawa watatolewa msituni kabla viazi havijang'olewa, na Wakiuru ana wajukuu anaowalea. Nikinyamaza na kuchukua ufadhili, nitamkaribisha mtu mwema achimbe mashimo, na Mama akae kwenye benchi na wenzake waulizwe mmoja mmoja na kudanganya mbele yangu, nami niandike majibu yao kama elimu. La tatu ni kuuachia ufadhili wenyewe.

Jumanne nikiwa kazini nilitoka nyuma ya duka nikampigia Daktari Nehemiah simu. Nilimwambia asije, udongo wa Kihara hauna kosa lolote. Aliniuliza nimejuaje kabla hajaupima. Nikasema nimeulizia nyumbani. Nadhani alianza kuelewa, kwa sababu sauti yake ilipungua. Aliniuliza kama kuna jambo lingine ningependa kumwambia. Nikasema hakuna. Alisema kwa upole kwamba ufadhili hufuata swali, na kama swali limekwisha itabidi nafasi apewe mwingine mwenye swali. Akanitakia heri. Hakunikosea chochote, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo ndugu yangu, nafasi ile haipo tena, na wewe ndiye wa kwanza kuijua habari hiyo. Mama hajui. Nilimwambia tu kwamba daktari ameahirisha safari. Anadhani mlango bado uko wazi na kwamba bado nachagua, na kila asubuhi ananiuliza kwa upole nimeamua nini, na mimi namwambia bado nafikiria. Ameniambia lake ambalo amelibeba tangu tukiwa watoto, na mimi nimempa uongo wangu mpya siku chache tu baadaye. Sikutaka ajue kwamba kisu kile kimekata na kitu kingine. Angejilaumu mpaka kaburini, na unamjua.

Nitaenda Kutus mwezi wa tisa. Nimeshawapigia, Risper mwenyewe ndiye aliyepokea, akaniambia nije na gambuti zangu kwa sababu za chuo hazitoshi. Sitakuficha kwamba bado naiota ile maabara na vile vifuko vyenye majina. Lakini swali lile la Risper limenikaa, mti unaokua ndio unaokutoa, utaufanyia nini? Nadhani kuna mtu anapaswa kulisomea hilo mpaka alijibu, kwa namna ambayo Wakiuru hatahitaji panga. Akiniuliza tena sitamjibu haraka.

Nilifikiri nikufiche haya yote, kwa maana wewe ndiye uliyesoma kwanza na najua utakavyojihesabia. Usijihesabie. Panga hukulishika, na aliyelishika hakulishika kwa raha.

Nilikuwa nimefika hapo Mama akaingia na chai. Nilitaka kufunika karatasi kwa kiwiko lakini nilichelewa. Aliniuliza ninamwandikia nani nikasema wewe. Akasimama kidogo, halafu akasema, “Mwambie. Mwambie yote. Nimechoka kukaa na hiyo maneno peke yangu.” Akaongeza kwamba viazi atakavyokuletea Harrison ni vya hapa nyuma ya nyumba, si vya msituni, na nisisahau kuandika hivyo usije ukakataa kuvila. Basi nimeandika. Akatoka, na kwenye mlango aliuinamia ule mkebe wa sukuma. Jana ilikuwa bado imesimama. Leo imelala juu ya ukingo, na yeye aliiinua kwa kidole, ikalala tena.

Nasikia sasa anapanga vikombe jikoni, na kuta zetu ni za mbao, angeweza kunisikia hata nikizungumza nikiwa nimeketi hapa. Lakini nitaenda. Nikishaifunga bahasha nitaenda nikaketi kando yake pale motoni, nimwambie na langu.

Wasalimie wanafunzi wako na wote wanaotuulizia huko. Ukipata nafasi Disemba njoo nyumbani, tupande pale juu sote watatu kabla goti halijakataa kabisa. Mungu akulinde na jua hilo.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Nyawira